Nimeambiwa niandike imani iliyo kinyume na yangu. Nianzie wapi?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni binti wa Kiislamu kutoka Ujiji, nasoma ualimu hapa Tabora. Mkufunzi wetu alitupa kazi: kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa imani iliyo kinyume kabisa na yake, kwa sauti ya mtu anayeiamini kwa dhati. Mimi niliandika juu ya watu wasio na Mungu, wanaodhulumu mayatima, wanaolewa tangu asubuhi na kucheka msibani. Nimepata alama 3 kati ya 20, na pembeni ameandika: 'Huyu ni nani? Sijawahi kumwona.' Natakiwa nirudie. Nimekosea wapi? Halafu nikiiandika vizuri, si nitakuwa nimetamka ukafiri? Bibi yangu kasema niachane nayo."

Marahaba, mwanangu. Swali la bibi nitaliweka mwisho, maana ni zito kuliko la mkufunzi wako, na hoja yake ilishatolewa na wanazuoni wakubwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Tuanze na hizo alama 3.

Mkufunzi hakukuonea. Ulichoandika ni imani yako mwenyewe, umeivaa nje ndani kama shati: mishono ileile, vifungo vilevile. Wewe unaamini kumdhulumu yatima ni dhambi kubwa. Huyo mtu wako naye anajua ni dhambi, ila anafanya. Wewe unajua msibani ni mahali pa huzuni. Yeye naye anajua, ndiyo maana kicheko chake kinatisha. Huyo ana imani yako na tabia mbaya, basi. Watu wa namna hiyo wapo, wengine tunasali nao safu moja, lakini si hao ulioagizwa.

Kwa kuwa wewe ni mtoto wa Ujiji, acha nikupeleke kwenu kidogo. Muulize mtu wa hapa Tabora habari za mbalamwezi, atakusifia: watoto wanacheza nje, njia inaonekana, na akiwa na mchumba atamfananisha na mwezi wa kumi na nne. Sasa nenda Kibirizi au Katonga ukamuulize mvuvi wa dagaa. Unajua wanavyovua: usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola. Dagaa wanaifuata taa kwa sababu pande zote ni giza. Mwezi ukipevuka, ziwa lote linang'aa na taa yako inakuwa haina maana kwao. Mitumbwi inalala ufukweni, akina mama wanaoanika nao hawana cha kuanika, na dukani daftari la madeni linafunguliwa. Kwa mvuvi huyu giza ndilo lenye riziki. Muangalie vizuri: hana moyo mweusi, hana ugomvi na nuru. Amesimama tu mahali ambapo mwanga unamnyima na giza linampa, akapiga hesabu zake kuanzia hapo.

Ndiyo kazi uliyopewa. Tafuta kwanza mahali pa kusimama. Maneno yatakuja.

Hapo ndipo wengi wanapotegwa na hilo neno "kinyume kabisa". Kinyume cha juu ni chini, hakuna ubishi. Lakini kinyume cha "Mungu ni mmoja, anaona, na atahukumu" ni kipi? Hakuna Mungu: hiyo ni moja. Wapo wengi, kila mmoja na kazi yake na ugomvi wake: ya pili. Au wapo wawili, mmoja wa nuru na mmoja wa giza, na dunia hii ni uwanja wao wa vita, kama walivyoamini wafuasi wa Mani aliyehubiri Uajemi karne ya 3. Au miungu ipo, ina raha zake, na habari zako haina kabisa. Hayo aliyafundisha Epikuro, Mgiriki aliyefariki mwaka 270 kabla ya Kristo. Wanafunzi wake hawakugeuka majambazi kwa kuwa hakuna anayewatazama. Waliishi maisha ya kawaida sana, wakisifu chakula chepesi na marafiki, wakijifunza kutoiogopa mbingu.

Na kuna ya karibu zaidi, ambayo huhitaji kwenda Ugiriki kuitafuta. Wazee wa Kinyamwezi walimjua Mungu. Walimwita Likube, walimwita Limatunda kwa maana ya muumba, na Liwelelo pia. Ila humsumbui muumba wa ulimwengu kwa sababu mtoto ana homa. Unaanza na babu yako aliyezikwa hapo uani, kwa kuwa yeye anakufahamu kwa jina na ana sababu ya kukujali.

Kila moja ya hizo inamzaa mtu wa aina yake. Asiyeamini Mungu yeyote haogopi kusahauliwa na Mungu. Wa mizimu anaogopa sana yeye mwenyewe asisahau. Wa Mani anapoona ubaya hashangai, kwa sababu alishaambiwa kwamba kuna mwenye kuuleta. Ukiwachanganya wote kwenye ukurasa mmoja utapata tena yule mlevi wako. Chagua mmoja.

Nikuongezee jambo ambalo huenda hata mkufunzi wako hakulipigia hesabu: aliye kinyume nawe mara nyingi si wa mbali. Tarika ya Kadiria, jumuiya ya Kisufi ya Waislamu, imejikita Ujiji na hapa Tabora tangu mwishoni mwa karne ya 19, na kuna wazee waliozaliwa, wakaoa na watazikwa wakisikia dhikiri. Muulize mmoja wao nani anamnyima usingizi: Mzungu asiyeamini lolote, au kijana wa mtaani kwake, Mwislamu mwenzake, anayemwambia maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini? Mimi ni Mkatoliki, na jibu langu nalijua. Mlokole niliyeimba naye kwaya miaka kumi kabla hajahama ananisumbua kuliko Mbudha yeyote wa Japani. Kwa hiyo kama unataka zoezi gumu kweli, andika ukurasa wa jirani. Ila kwa kuwa unataka alama, na sikukuu utairudia nyumbani, kwa sasa nenda mbali.

Ukishachagua, usigeuze kila kitu kwa mara moja. Imani inakaa kama sufuria juu ya mafiga. Sogeza figa moja, uone mengine yanavyolazimika kupangwa upya ili chakula kisimwagike.

Tuchukue kifo. Wewe na mimi tumelelewa kwamba mtu anaishi mara moja, anafariki, anafufuliwa, anahukumiwa. Sogeza hapo tu: useme kwamba tunarudi. Wahindu na Wabudha wameliwaza jambo hilo kwa zaidi ya miaka 2,000, kwa hiyo hutaanza na karatasi tupu. Angalia yanayofuata yenyewe. Dhuluma ya leo haingoji siku ya mwisho, inakukuta katika maisha yajayo. Mbuzi aliyefungwa uani humtazami tena kwa jicho lile. Aliyezaliwa katika shida, kuna atakayenong'ona kwamba kuna alichofanya huko nyuma. Hapo imani hiyo ina kidonda chake, kama yangu na yako zilivyo na vyake. Kisha unafika kwenye thawabu, na hapo ndipo mimi niliposhtuka. Sisi tunaomba uhai usiokatika. Wao wanaona huku kurudi na kurudi ndiko kwenye taabu, na jambo kubwa analoweza kuomba mtu ni kufunguliwa, mzunguko umwachie. Kuendelea, ambako mimi nakuomba kila jioni, mwenzangu anaomba aokolewe nako!

Nililisoma hilo nikiwa nimeshavuka miaka thelathini, nimeshafundisha falsafa na mantiki muda mrefu na kujiona najua. Nikaweka kalamu, nikatoka nje, nikakaa chini ya mwembe. Sikubadili dini, na kesho yake nilienda misa kama kawaida. Lakini kulikuwa na swali nililokuwa nikidhani lina upande mmoja tu, na siku ile nikaona upande wa pili una nyumba, na watu wanaishi humo, wanapika.

Sasa utajuaje kama ulichowaza kimekamilika? Mimi nina kipimo kimoja tu: msiba. Kwenye mdahalo imani yoyote inaweza kung'ara. Ipeleke chini ya turubai. Mtoto wa jirani, miaka minne, malaria imemchukua kwa siku mbili. Mama yake yuko mkekani, wanawake wawili wamemshika. Mtu wako anaingia, anavua viatu, anakaa. Anasema nini? Kama huna neno la kumpa, au neno ulilompa ni la kumfukuzisha pale, bado hujaiwaza imani yake. Maana wenye imani hizo nao wanazika watoto, na kuna wanachoambiana.

Nilijaribu mwenyewe kuandika ukurasa wa muuguzi asiyeamini Mungu yeyote. Ilinichukua jioni tatu. Nakupa kipande chake, usikinakili, mkufunzi wako naye anasoma:

"Dada, sitakuambia amechukuliwa, kwa sababu hakuna aliyemchukua. Hakuna mtu aliyekaa mahali akapanga iwe leo. Ni mbu, na ni homa iliyokimbia kuliko gari tulilokuwa tunalisubiri. Utakapotaka wa kumkasirikia, njoo unikasirikie mimi, nitavumilia. Na usiku utakapoanza kutafuta ni dhambi gani uliyofanya, usiitafute, haipo. Alikaa na sisi miaka minne. Hiyo imeshatokea, hakuna kinachoweza kuifuta. Hatuna wa kutubebea siku hii isipokuwa sisi tuliopo hapa mkekani. Basi kesho nitakuja kufua. Keshokutwa nitapika. Na wiki ijayo, watu wakishaondoka na viti vya kukodi vikisharudishwa, nitakuja tukae."

Nikuambie ukweli, lile neno "haipo" liliniuma kuliandika. Nimehudhuria misiba ya waumini ambako mama anachambuliwa kimyakimya, alikosa wapi, alimuudhi nani, na sikuwa na neno safi kama hilo la kumpa. Hapo muuguzi wangu alinizidi. Halafu nikafika mahali mama anauliza, "Sasa hivi yuko wapi?" Nikaandika, nikafuta, nikaandika, nikafuta. Mwishoni nikaandika kwamba muuguzi alimshika mkono akanyamaza. Ukurasa wako nao uwe na pande hizo mbili, mahali imani hiyo inapompa mtu nguvu ambayo wewe huna, na mahali inapomwacha mikono mitupu. Ukiwa na udhaifu tu umeandika kejeli. Ukiwa na nguvu tu umeandika tangazo.

Sasa nikueleze kosa langu, kwa sababu wewe utakuwa mwalimu.

Miaka mingi iliyopita niliwapa wanafunzi wa kidato cha tano zoezi kama lako. Wengi waliandika vituko: watu wanaoabudu redio, kijiji kinachosali kwa kulala. Mvulana mmoja aliyetokea upande wa Sikonge aliandika kwa nafsi ya kwanza juu ya babu anayemwaga pombe ya mtama kidogo ardhini kabla hajanywa, akiwataja marehemu mmoja mmoja kwa majina, akiwaambia, "Sisi hatujawasahau, na ninyi msitusahau." Aliandika pia juu ya mtoto aliyelia siku tatu mfululizo mpaka alipopewa jina la bibi mzaa baba, ndipo akanyamaza. Niliusoma ukurasa ule mbele ya darasa, tena kwa sauti ya kuigiza mzee, yenye mtetemo. Darasa likaangua kicheko. Mimi mwenyewe nikacheka. Wakati wa mapumziko alinifuata. "Mwalimu," akaniambia, "mimi sikuwaza. Nilikumbuka."

Kwenye rejista alikuwa na jina la ubatizo kama wenzake. Imani ambayo nusu ya darasa ilikuwa inaitafuta kwenye mawingu, yeye ilikuwa kwao, na nilimchekea nayo. Tangu siku ile sisomi ukurasa wa namna hiyo kwa sauti bila kujiambia kwamba mwenyewe yumo darasani. Utakapopangiwa shule Uyui au Kaliua au Uvinza, mwenyewe atakuwa amekaa dawati la pili, na hatakuambia.

Usidhani pia kwamba kuyajua maandiko ya mwenzako kunatosha. Wazazi wako watakuwa wanaikumbuka mihadhara ya miaka ya 1980 na 1990, vipaza sauti uwanjani, Biblia na msahafu juu ya meza moja. Kulikuwa na wahadhiri wa Kiislamu waliotaja sura na aya za Biblia kwa kichwa kuliko mapadri, na upande wetu walijitokeza wa kuwajibu kwa aya za Qurani. Nilivutiwa sana na kumbukumbu zao. Lakini waliyajua maandiko ya wenzao kama askari anavyoijua ramani ya mji anaotaka kuuteka: kila lango, kila ukuta uliopasuka. Hakuna aliyejua mji huo unanukaje asubuhi chai ikipikwa. Mkufunzi wako anataka harufu ya chai.

Kama dini inakutia hofu, pasha misuli kwanza kwa siasa, na huna haja ya kutoka nje ya mji. Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu hapa Tabora. Ukoloni ulikuwa umeleta uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wenye masharti ya kuudhi: mpiga kura awe na kiwango fulani cha elimu au kipato, halafu achague watu watatu, Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja, Mzungu mmoja. Wajumbe wengi walitaka kususia. Nyerere akawashawishi waingie hivyohivyo. Zuberi Mtemvu akajitoa na kuanzisha chama chake, African National Congress. TANU na wagombea iliowaunga mkono wakashinda, na uamuzi ule ukabaki ukiitwa Uamuzi wa Busara.

Lisikilize hilo jina. Limeshahukumu. Waliokataa wamebaki bila busara kwa sababu ya jina tu. Sasa andika ukurasa wa mjumbe mmoja aliyekataa, usiku ule, akirudi alipofikia. Hajui kwamba TANU itashinda. Hajui habari za mwaka 1961. Anachojua ni kwamba chama chake kinasema watu wote ni sawa, na kesho kitawaambia wanachama wake waweke kura kwenye sanduku ambamo Wazungu wachache wana kiti sawasawa na mamilioni ya Waafrika. "Ukikubali kupanda mzani uliochezewa," atasema, "utalalamikaje tena juu ya uzito?" Mbona ana hoja! Ukifika hapo ukaanza kumwonea huruma kidogo, umeanza kuandika.

Siri iko kwenye kutojua mwisho. Wewe yule mlevi wako ulimwandika ukiwa umeshamwona anaingia motoni. Kila alichosema kilikuwa kinaelekea huko. Mwenye imani yake hajioni akielekea huko. Asubuhi yake ni asubuhi kama yako, na anadhani kuwa wewe ndiye uliyepotea, tena anakusikitikia.

Ukimaliza, mpelekee mwenyewe. Kuna mchumi wa Marekani, Bryan Caplan, ambaye mwaka 2011 alipendekeza kipimo cha watu wanaobishana: je, unaweza kuieleza hoja ya upande wa pili hata watu wa upande huo wasikutambue kuwa si mwenzao? Alikuwa ameazima wazo la Alan Turing wa Uingereza, aliyeuliza mwaka 1950 kama mashine inaweza kujibu maswali hata ukashindwa kujua kwamba si mtu. Sisi tuna watani. Mzaramo akimwigiza Mnyamwezi msibani, Wanyamwezi wenyewe wanacheka mpaka machozi kwa sababu ndivyo walivyo. Utani ulianza zamani za misafara ya kwenda pwani, na mtani mzuri ni yule aliyekutazama kwa makini. Kwa hiyo tafuta mwenye imani hiyo. Usimuulize kama ameupenda ukurasa, atakusifia kwa adabu. Muulize: "Wewe ungesema hivi?" Halafu mpe kalamu nyekundu. Akikata sentensi tatu na kuongeza moja, ile moja ndiyo yenye thamani kuliko yote uliyoyaandika.

Sasa bibi.

Mimi si shehe, na hukumu ya dini yako utaichukua kwa shehe wako. Nakupa ninayoyajua kama mwalimu wa falsafa. Wanazuoni wa Kiislamu wana kanuni inayosema kwamba mwenye kusimulia ukafiri si kafiri. Na Qurani yenyewe inasimulia. Fungua Sura Al-Jathiya, aya ya 24: wamo wanaosema kwamba hakuna uhai ila huu wa duniani, tunakufa na tunaishi, na hakuna kinachotuangamiza ila dahari, yaani kupita kwa wakati. Huyo ndiye mtu wako, maneno yake yamehifadhiwa ndani ya msahafu na umeyasoma kwa tajwidi tangu madrasa. Nenda Al-An'am, aya ya 76 hadi 78. Nabii Ibrahim anaitazama nyota, anasema huyu ndiye Mola wangu, kisha mwezi, kisha jua, na kila kimoja kinapotua anakiacha. Wafasiri wengi wanasema alikuwa anasimama mahali pa watu wake ili atembee nao mpaka waone wenyewe. Kwetu, Mtakatifu Tomaso wa Akwino, karne ya 13, alipofika kwenye swali la kama Mungu yupo, alianza kwa kuandika kwamba inaonekana hayupo, akatoa sababu mbili: dunia ina uovu, na mambo yote yanaweza kuelezwa kwa maumbile na utashi wa watu. Mpaka leo wanaokana Mungu wanazitumia hizohizo mbili.

Hapo bibi ameshindwa? Hapana. Karne ya 9, Imamu Ahmad bin Hanbal alimlaumu Harith al-Muhasibi kwa kitabu alichoandika kuwajibu Muutazila, kundi la Waislamu waliotegemea sana hoja za akili katika mambo ya dini. Alimwambia kwa maana hii: umeanza kwa kueleza shaka zao, ndipo ukazijibu, unajuaje kama msomaji hatashikwa na shaka akaishia hapo, asifike kwenye jibu lako? Hicho ndicho anachokisema bibi yako, bila ya vitabu. Kisa hicho kimesimuliwa na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, kwa sababu yeye mwenyewe alilaumiwa vilevile, kwamba anazieleza hoja za wapinzani vizuri kuliko wao wenyewe. Alijibu kwamba lawama ya Ahmad ni ya haki, lakini kwa shaka ambayo haijaenea. Ikishaenea mitaani, lazima ijibiwe, na huwezi kuijibu kabla hujaieleza. Wewe unasoma chuoni na simu iko mkononi. Zimeshaenea.

Ghazali huyohuyo ana mfano mwingine ambao watu wa huku wanauelewa kuliko wa Baghdad. Anasema mchezesha nyoka asimguse nyoka mbele ya mtoto wake mdogo, maana mtoto atadhani naye anaweza. Unyamwezini na Usukumani tuna Wayeye, wacheza nyoka, na hakuna Myeye anayeanza kwa kushika nyoka. Anaanza kwa kujifunza dawa. Basi jiangalie. Kama mwaka huu umefiwa, au usiku unagombana na Mungu wako na hujamwambia mtu, mwombe mkufunzi akupe kazi nyingine, wala usione haya. Kama umetulia, andika.

Na juu kabisa ya ukurasa andika: "Anayesema hapa si mimi." Usicheke. Ghazali aliandika kitabu kizima cha kueleza yale wanafalsafa wanayoyasema, kabla hajaandika kingine cha kuwapinga. Cha kwanza kikatafsiriwa Kilatini karne ya 12, na kikazunguka Ulaya bila ule utangulizi alioeleza kusudi lake. Wasomi wa huko wakakaa miaka na miaka wakimhesabu kuwa ni mmoja wa haohao aliokuwa anajiandaa kuwapinga. Kwa hiyo karatasi zako zibane pini.

Jambo la mwisho, kabla hujaanza kuandika. Ukirudi Ujiji, kaa na bibi mchana watu wakiwa wamelala. Usimwambie habari za alama. Muulize bibi yake yeye alikuwa akifanya nini mtoto akishikwa na homa usiku, na hospitali iko mbali. Mwache asimulie. Usiandike, sikiliza tu kama anasema "wao walikuwa" au "sisi tulikuwa".